Taa inayopika saladi

Swali: Nimeotesha saladi na mrehani kabatini, kwenye fleti yangu Dar es Salaam. Nina taa ya LED iliyoandikwa wati 1000. Ncha za majani zinaungua. Ninunue taa nyingine?

Jibu: Usinunue bado. Soma kibandiko cha nyuma ya taa, si boksi. Taa nyingi za namna hiyo hula wati 100 hivi tu, na namba hiyo ndiyo ya kulinganishia bei. Hata hivyo, wati 100 ndani ya kabati lililofungwa ni tanuri. Mwanga wenyewe hatimaye hugeuka joto.

Feni inayozungusha hewa humohumo haitoshi. Toboa matundu chini, kisha funga juu kifeni cha kompyuta kitakachotoa hewa nje. Inua taa hadi sentimita 40 juu ya majani. Iwashe saa moja usiku mpaka saa moja asubuhi, jiji likiwa limepoa kidogo: wati 100 kwa saa 12 ni uniti 1.2 za umeme.

Mrehani utastahimili. Saladi, kusema kweli, ikikaa kwenye joto kali hutoa shina la maua na kuwa chungu, hata taa iwe ya bei gani. Ihamishie chumba chenye kiyoyozi, au panda mchicha.