Notisi ya Kuhama: Anza na Tarehe

Kijana wangu anaoa, kwa hiyo nyumba niliyokuwa nikipangisha hapa Mombasa nikaihitaji. Waliokuwamo ni watu wazuri, kodi yao haichelewi. Wenzangu wenye ploti walinipa ushauri wa kila aina: mpandishie kodi atahama mwenyewe, mkatie maji, ng'oa mlango. Mlango! Vituko hivi ndivyo vinavyomfikisha mwenye nyumba kortini akiwa mshtakiwa, na nyumba ni yake. Mimi nilitoa notisi, na uzito wote wa notisi uko kwenye tarehe.

Chomoa mkataba kwanza uusome. Ukisema notisi ni ya miezi miwili, basi ni miwili. Kama mlipatana kwa mdomo tu, kama wengi wetu huku, kuna kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Anayelipa kodi kila mwezi huhesabiwa kuwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na upande wowote unaweza kuuvunja upangaji kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Wengi huishia hapo, kumbe kuna sharti la pili: notisi iishe siku ya kulipa kodi.

Tuseme kodi hulipwa tarehe 5. Ukimpa barua tarehe 20 Machi, mwezi utatimia 20 Aprili, lakini siku ya kodi inayofuata ni 5 Mei. Hiyo ndiyo tarehe ya kuandika. Ungeitoa barua tarehe 3 Machi, angehama 5 Aprili. Basi usikae na barua mfukoni ukingoja siku atakayokuwa na furaha.

Mimi niliitoa mapema Februari, muda mrefu kuliko sheria inavyodai, ili wahame wakati wa likizo ya Aprili. Kumhamisha mtoto katikati ya muhula ni kumwonea.

Nilikwenda mwenyewe, jioni. Baba wa nyumba akaisoma, akaniuliza, "Mama, kwani tumekukosea wapi?"

"Hamjanikosea kitu, mwanangu. Ndugu yenu anaoa, hana pa kukaa."

Akatia sahihi kwenye nakala yangu, tukanywa chai. Ningemtuma mlinzi aitumbukize chini ya mlango, nadhani tungekuwa maadui hadi leo.

Barua yenyewe haikujaza ukurasa: majina yetu, nyumba ipi, tarehe ya barua, tarehe ya kuhama, sababu kwa sentensi moja, siku ya kukagua nyumba pamoja, na habari ya amana. Toa nakala mbili. Mpangaji akikataa kutia sahihi, mwite mzee wa mtaa au jirani ashuhudie, piga picha, kisha itume na kwa WhatsApp. WhatsApp peke yake mimi siiamini.

Amana ndiyo huzua ugomvi. Mpangaji akishapata notisi husema, "Mwezi wa mwisho ukate kwa amana." Ukikubali, uandike, na ujue kwamba sinki likikutwa limepasuka huna tena pa kukata. Na sisi wenye nyumba tuna tabia mbaya ya kumlipisha mtu rangi ya ukuta uliopauka kwa miaka. Kupauka si uharibifu. Kateni kioo kilichovunjwa na bili ya maji, kilichobaki mrudishieni siku anapokabidhi funguo. Nami nilifanya hivyo, kwa M-Pesa, ujumbe ukabaki kama ushahidi.

Tarehe ikipita na mtu hajahama, usiguse kufuli wala stima. Nenda kortini upate amri. Kodi iliyolimbikizwa ina njia yake, madalali wenye leseni, si vijana wa mtaani. Na vyumba ambavyo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi viko chini ya Sura ya 296 ya sheria za Kenya na vina baraza lake. Bila amri humtoi mpangaji.

Kama unachopangisha ni duka au mkahawa, usiige barua yangu. Wapangaji wa biashara hizo wanalindwa na Sura ya 301: notisi hujazwa kwenye fomu maalumu, haipungui miezi miwili, na mpangaji anaweza kuipinga barazani. Mwone wakili kabla hujaandika neno.