Kufundisha Kura ya Maoni kwa Kisa cha Mkataba wa Lisbon

Mwalimu mwanafunzi anapopewa mada ya kura ya maoni katika somo la Uraia, aghalabu huandika maana yake ubaoni, wanafunzi wakainakili, na kipindi kikaisha. Sisi twaona ni heri kuwapa watoto tukio moja la kweli walipime. Tukio lifaalo, ijapokuwa ni la mbali, ni Mkataba wa Lisbon.

Mwaka 2004 nchi za Umoja wa Ulaya zilitia sahihi mkataba wa kuupatia Umoja huo katiba. Tarehe 29 Mei 2005 Wafaransa waliukataa kwa karibu asilimia 55. Siku tatu baadaye Waholanzi nao wakaukataa kwa zaidi ya asilimia 61. Jina la katiba likafutwa, lakini sehemu kubwa ya mageuzi ikarejeshwa katika mkataba mpya uliotiwa sahihi Lisbon tarehe 13 Desemba 2007. Safari hii Ufaransa na Uholanzi ziliuridhia bungeni. Miongoni mwa nchi 27, Ireland peke yake iliwauliza wananchi.

Kwa nini Ireland? Mwaka 1987, katika kesi iliyofunguliwa na Raymond Crotty, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba Serikali haikuweza kuridhia mkataba wa Ulaya wa wakati ule pasipo kurekebisha katiba. Na katiba ya Ireland hairekebishwi ila kwa kura ya wananchi. Juni 2008 Waireland waliukataa Mkataba wa Lisbon kwa asilimia 53. Wakapewa ahadi kuhusu kodi, kutofungamana kijeshi, na kila nchi kubaki na kamishna wake. Oktoba 2009 wakaukubali kwa asilimia 67.

Tulipolijaribu somo hili katika darasa la saba tulianza na mchezo. Tuliwapa wanafunzi kanuni kumi za darasa wazipigie kura, wakazikataa. Kesho yake tukabadili kichwa cha habari na mpangilio, tukampa kiranja azikubali kwa niaba ya wenziwe. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, hizi si zile zile za jana?" Tulikuwa hatujalitaja neno Ulaya, na kiini cha somo kilikwisha kufikiwa. Lakini tulikosea: tulimjibu upesi kwamba kiranja alichaguliwa na darasa zima. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo iliyotegemewa na mabunge ya Ulaya. Ila ilitoka kinywani mwa mwalimu, na darasa likanyamaza. Ingalifaa swali lile aulizwe kiranja.

Katika andalio la somo, basi, tengeni vipindi viwili. Kundi moja litetee kura ya wananchi: Mkataba wa Lisbon uliongeza mambo yanayoamuliwa kwa wingi wa kura za nchi, hivyo nchi moja ilipoteza uwezo wa kuyazuia peke yake. Kundi la pili litetee bunge: mkataba ni mnene, wenye vifungu vinavyorekebisha vifungu vingine, na mpiga kura huweza kuitumia kura yake kuiadhibu serikali kwa jambo jingine kabisa. Swali la kupiga kura mara mbili liacheni lizuke lenyewe. Kwa uzoefu wetu halikosi kuzuka. Mwishoni darasa lipige kura ya siri, na mwalimu asipige.