Udongo Ulio Chini ya Reli
Somo la kujifunza katika usharika (Wagalatia 6:1, Luka 19:1–10)

Gurudumu la gari la moshi lina ukingo upande wa ndani, nao ndio ulizuialo lisitoke juu ya reli. Reli ikivunjika, au beringi ya gurudumu ikiungua, au dereva akipita penye kona kwa mwendo uliozidi, gurudumu huanguka juu ya mataruma, na mabehewa ya nyuma husukumana. Hivyo ndivyo treni iachavyo njia.

Huko Marekani, ambako mizigo mingi huchukuliwa kwa reli, wako watu ambao kazi yao ni kuondoa ajali za namna hii. Huitwa usiku na mchana, mvua inyeshe au isinyeshe. Huja na matrekta ya minyororo yenye mkono wa chuma ubavuni. Trekta moja husimama mwanzo wa behewa na jingine mwisho wake, hulifunga kwa kamba za chuma, hulinyanyua pamoja. Behewa zima hurudishwa relini; lililovunjika huvutwa kando. Kisha huletwa vipande vya njia vilivyokwisha kufungwa, reli mbili na mataruma yake, mfano wa ngazi iliyolazwa chini. Huviunganisha, humwaga kokoto na kuzishindilia, na treni ya kwanza hupita polepole. Mara nyingi njia iliyofungwa hufunguliwa baada ya siku moja au mbili tu.

Upesi huo ni jambo jema, maana nyuma yao wako wengi wangojao chakula, dawa na kazi. Lakini sikilizeni habari moja itufundishayo jambo jingine.

Tarehe 3 Februari 2023, treni ya mizigo ya kampuni ya Norfolk Southern ilikuwa ikipita katika jimbo la Ohio. Beringi moja ya behewa la 23 ilianza kuungua. Kando ya njia viko vyombo vya kupimia joto la beringi. Chombo cha kwanza kilionyesha nyuzi 38 za Fahrenheit kuzidi joto la hewa. Maili 10 mbele, cha pili kilionyesha 103. Kiasi hicho hakikufikia kiwango cha kuamuru treni isimame, basi ikaendelea. Maili 19 tena, cha tatu kilionyesha 253. Dereva akafunga breki, lakini wakati ulikuwa umepita. Karibu na saa tatu usiku mabehewa 38 yaliacha njia penye mji mdogo uitwao East Palestine, na moto ukawaka. Mabehewa 11 kati ya hayo yalikuwa na mizigo ya hatari. Watu wapatao 2,000 waliambiwa wahame. Tarehe 6 kemikali ya mabehewa matano, itumikayo kutengeneza plastiki, ikamwagwa na kuchomwa kwa makusudi, kwa kuogopa yasipasuke. Tarehe 8 watu waliruhusiwa kurudi nyumbani, na treni zikaanza kupita tena.

Siku tano tu! Aliyeona reli mpya aliweza kusema kwamba mambo yamekwisha. Lakini udongo ulioingiwa na sumu ulibaki chini ya njia ile mpya. Basi serikali ikaagiza usafishwe, na mwezi wa Machi wakaanza kung'oa reli walizokwisha kuzilaza, njia moja kwanza, kisha ya pili, wachimbe udongo na kuuchukua mbali. Kazi iliyofanywa kwa siku chache ikawabidi kuifanya tena kwa miezi.

Ndugu, je, si hivyo hivyo katika sharika zetu? Wawili wamegombana kwa mpaka wa shamba, au fedha ya sadaka imepotea, au mtu amesingiziwa. Jumapili ya Meza ya Bwana imekaribia. Wazee huwaita, huomba, wale wawili hushikana mikono, na watu wote hufurahi. Njia imefunguliwa. Lakini alama ya mpaka haikurudishwa mahali pake, fedha haikulipwa, wala msingiziaji hakusema mbele ya wale aliowaambia kwamba alisema uongo. Baada ya miezi sumu hupanda: watoto wa nyumba zile mbili hawaamkiani, na wakubwa hukaa mbalimbali kanisani. Nabii Yeremia, katika sura ya 6, aliwalaumu viongozi waliofunika jeraha kabla ya kulitibu.

Tusikosee, lakini. Hatusemi kwamba msamaha ucheleweshwe mpaka mwenye dhambi amalize kuchimba. Msamaha wa Mungu haununuliwi. Hutolewa bure kwa ajili ya Kristo. Mtazameni Zakayo. Bwana aliingia nyumbani mwake kwanza. Ndipo Zakayo akaahidi kuwarudishia aliowadhulumu. Hakurudisha mali ili apendwe, bali kwa kuwa amekwisha kupendwa. Mtu aliyesamehewa haogopi tena kuonyesha kilichofukiwa.

Tena, Paulo anapowaambia Wagalatia wamrejeze aliyeanguka, katika Kiyunani atumia neno lile lile ambalo Marko alitumia kwa wana wa Zebedayo walipokuwa wakizitengeneza nyavu zao. Mvuvi hafuniki tundu la wavu. Hulishona fundo kwa fundo, kwa mkono mpole, ili wavu ufae tena kazini. Hiyo ndiyo kazi ya wazee na walimu: kwenda upesi kwa aliyeanguka, na kutoondoka upesi.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Chombo cha pili kilionyesha joto, lakini treni ikaendelea. Ni dalili gani za ugomvi tuzionazo usharikani bila kusema neno?

2. Kwa nini Zakayo alirudisha mali? Kungekuwa na tofauti gani kama angerudisha kwanza ndipo Bwana aingie kwake?

3. Tukipatanisha watu, ni mambo gani yatupasa kuuliza kabla ya kusema kwamba mambo yamekwisha?

4. Je, yako mapatano ya zamani kwetu ambayo yafaa kufunuliwa tena kwa upole? Nani aende kwanza, naye aende na nani?