SOMO: Tuchague Masafa ya Redio Kabla ya Masika



Sisi wa Rungwe tumeizoea mvua. Kuanzia Machi hadi Mei mito Kiwira na Mbaka hujaa, barabara za vijijini huteleza na umeme hukatika. Mnara wa simu ukikosa umeme, betri zake huisha na simu hunyamaza. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya Mlima Hanang mkoani Manyara yaliua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji jirani. Nasi tunaishi kwenye miteremko ya volkano. Siku kama hiyo ikitufikia, mama mjamzito aliyekwama ng'ambo ya mto atategemea ujumbe mmoja ufike hospitali.

Kabla ya simu za mkononi kuenea, hospitali nyingi za misheni nchini zilitumia redio za upepo. Leo zipo pia redio za ridhaa, yaani za watu binafsi wenye leseni wanaowasiliana bila malipo wala biashara. Huko Marekani, wapo wenye redio hizo wanaojitolea kuangalia tufani na kuarifu idara ya hali ya hewa. Kwetu kazi ingekuwa kuangalia mito na miteremko. Lakini tusinakili masafa yao. Kwa mfano, megahezi 146.52 hutumika sana Marekani, lakini Tanzania ipo katika Kanda ya 1 ya dunia, ambako bendi hiyo ya ridhaa ni megahezi 144 hadi 146.

1. Masafa ya karibu: megahezi 144 hadi 146

Haya ndiyo ya redio ndogo za mkononi. Sauti ni safi na radi haiyasumbui sana. Kasoro yake ni kwamba mawimbi huenda karibu moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na mlima huyazuia. Mlima Rungwe una urefu wa mita 2,960 hivi, kaskazini ipo milima ya Poroto na mashariki ile ya Livingstone. Redio ya mkononi itafaa kijiji kwa kijiji mnapoonana, au kutoka kilima kimoja hadi kingine. Usiitegemee kutoka Tukuyu hadi Mbeya, au kutoka bonde hadi bonde, isipokuwa uwepo mtambo kileleni wa kupokea na kurusha tena mawimbi. Mfadhili anayetaka kutuletea redio hizi aulize kwanza kuhusu milima.

2. Masafa ya kuvuka milima: megahezi 7 na 3.5

Haya hupanda juu angani, hurudishwa na tabaka la hewa la mbali sana, kisha hushuka upande wa pili wa mlima. Hufika eneo lote la kilomita 300 na zaidi bila mnara. Mchana tumia bendi ya megahezi 7.0 hadi 7.2. Usiku tabaka lile hupungua nguvu na mawimbi hayo hupita bila kurudi karibu, hivyo shukeni kwenye 3.5 hadi 3.8. Katika Kanda ya 1, watu wa redio za ridhaa wamekubaliana kukutana kwenye 7.110 na 3.760 wakati wa maafa.

Antena ni waya tu: mita 20 kwa 7.110, mita 38 kwa 3.760, ukilishwa katikati na kuinuliwa kwa mianzi mita 5 hivi. Kwa kazi hii hauhitaji kuwa juu sana. Betri ya gari na paneli ya sola vinatosha.

Tahadhari: radi hujaza masafa haya kelele, hasa 3.5. Kwa hiyo msingoje dhoruba. Wekeni saa ya kuitana asubuhi, kama saa 3, kabla mawingu ya radi hayajajikusanya. Ngurumo zikikaribia, chomoeni waya wa antena na muutoe nje.

3. Sheria

Leseni hutolewa na TCRA. Masafa ya ridhaa si ya ratiba za vikao wala michango ya parokia. Kwa shughuli hizo taasisi huomba masafa yake yenyewe. Ujumbe wa maafa unaruhusiwa, lakini usemwe wazi, bila lugha ya siri.

4. Hatua kwa kila kamati

- Chagueni watu wawili waombe leseni, mmoja awe anaishi ng'ambo ya mto.
- Andikeni kwenye kadi masafa matatu kwa mpangilio: ya karibu, ya mchana, ya usiku.
- Jaribuni kila wiki kutoka mahali penyewe, na mwandike palipokataa.
- Katika ujumbe semeni mahali, saa, kilichoonekana na msaada unaotakiwa. Utabiri tuwaachie Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Maswali ya kujadili

1. Kati ya kijiji chetu na hospitali kuna mlima gani?
2. Daraja likikatika usiku, nani ataita, na kwa masafa yapi?
3. Je, yupo wa kumsikiliza saa hiyo?

Swali la tatu lisipopata jibu, redio haitatusaidia, hata iwe ya bei kubwa namna gani.