Usiulize Mtutu Una Urefu Gani, Uliza Tundu Liko Wapi

Maswali na majibu na fundi wa silaha mstaafu

Swali: Ni kweli bunduki ya mtutu mfupi ina presha kubwa zaidi? (Barua sita, zote za "rafiki yangu askari kaniambia". Nazijibu kwa pamoja.)

Jibu: Rafiki huyo kachanganya mambo mawili. Presha ya kwenye chemba haijui mtutu unaishia wapi. Hufika kileleni kichwa cha risasi kikiwa kimesogea sentimita chache tu, kisha hushuka kadiri kinavyokwenda mbele. Kinachobadilika ni mahali lilipotobolewa tundu la gesi, lile la kwenye mtutu linalopitisha gesi ya kuirudisha bolti nyuma. Bunduki ya M16 ina mtutu wa milimita 508, na tundu liko karibu milimita 335 kutoka nyuma. Gesi hufika pale hasira imepungua. Mtutu wa M4, nduguye mfupi, ni milimita 368, kwa hiyo tundu likarudishwa hadi karibu 200, gesi ikiwa bado kali. Ndiyo maana bolti yake hurudi kwa kishindo.

Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Toboa karibu na bomba: maji yanaruka hadi ukutani. Toboa karibu na mwisho: yanachuruzika. Sasa kata mpira mbele kidogo tu ya tundu: maji yote yanakimbilia mdomoni, tundu linanywea.

Swali: Kwa hiyo mtutu ukikatwa bila kuhamisha tundu, bunduki inakuwa kali?

Jibu: Inakuwa goigoi. Gesi huisukuma bolti hasa katika kile kipindi kati ya kichwa cha risasi kupita tundu na kutoka mdomoni. Kwenye M16 na M4, umbali kutoka tundu hadi mdomoni ni kama milimita 170, ambao kichwa cha risasi huumaliza kwa takribani sehemu mbili kati ya elfu kumi za sekunde. Upunguze, na bolti haifiki nyuma. Wasovieti walipoifupisha AK-74 kuwa AKS-74U, yenye mtutu wa milimita 206.5, walilazimika kufunga mdomoni kifaa chenye chumba cha kuichelewesha gesi.

Swali: Nina msumeno wa chuma, nianzie wapi?

Jibu: Uweke chini.

Swali: Kuna anayeuza mafuta ya kupunguza presha ya gesi. Yanafaa?

Jibu: Presha haipakwi mafuta.

Swali: Maganda yanatoka na ukingo uliong'oka. Ni mtutu mfupi?

Jibu: Shika ganda, lizungushe polepole. Pengo lile ni alama ya kucha ya kuchomolea: huenda imelivuta ganda likiwa bado limebana chembani. Lakini usikimbilie kulaumu urefu. Vita vya Vietnam vikiendelea, baruti ya risasi za M16 ilibadilishwa. Presha kwenye tundu ikapanda, bolti ikaenda kasi kupita ilivyokusudiwa. Chemba zisizo na kromu na uhaba wa vifaa vya kusafishia vikamalizia kazi. Bunduki zikakwama mikononi mwa askari, na mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ikachunguza. Mtutu ulikuwa uleule, milimita 508.