Protini Zinaponasana: Somo Litokanalo na Kipimo cha Malaria

Kisiwani Pemba, kama ilivyokuwa Unguja, malaria ilipungua sana baada ya mwaka 2003, dawa mseto zilipoanza kutumika, zikafuatwa na vyandarua vyenye dawa. Hata hivyo ugonjwa haujatoweka, na kila mgonjwa mwenye homa hana budi kupimwa. Kipimo cha haraka kitumikacho vituoni hudhihirisha jambo ambalo wanafunzi hulisoma vitabuni tu, yaani protini moja kuishika nyingine.

Kingamwili ni protini ambayo umbo lake huiwezesha kushika kitu maalumu, kama kufuli ipokeavyo ufunguo wake. Kimelea *Plasmodium falciparum*, kikiwa ndani ya chembe nyekundu za damu, hutengeneza protini iitwayo HRP2, ambayo huingia katika damu. Tone la damu huwekwa juu ya utepe, kisha hutiwa kimiminiko kipasuacho chembe hizo. HRP2 hushikwa na kingamwili zilizobeba vipande vidogo mno vya dhahabu. Mchanganyiko huo husafiri katika utepe kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa.

Kwenye mstari T zimegandishwa kingamwili nyingine za HRP2. Hizo huishika protini hiyo ambayo tayari imebeba dhahabu. Dhahabu ikirundikana, mstari mwekundu huonekana. Kingamwili zinazobaki huendelea hadi mstari C, ambako hunaswa. Mstari C usipotokea, jibu halifai, hata kama T imeonekana.

Yafaa kukumbuka kwamba mstari T huthibitisha kuwapo kwa protini, si uhai wa kimelea. HRP2 huweza kubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kinyume chake, vimelea vikiwa vichache mno, mstari huenda usionekane. Tena, vipo vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2: viliripotiwa nchini Peru mwaka 2010, na Eritrea ililazimika kubadili vipimo mwaka 2016. Ndiyo maana hadubini, pamoja na mbinu ya kuzidisha DNA, vingali vinahitajika katika maabara kama ile ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000.

Zoezi: Mgonjwa alitibiwa wiki mbili zilizopita, naye sasa hana homa. Mistari T na C yote imeonekana. Je, apewe dawa tena? Toa sababu.