Ulizia Kamba, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, sijui mmepatwa na nini. Zamani mlikuwa mnaniandikia habari za wachumba wasioeleweka na mawifi wenye maneno. Siku hizi ni dada nataka kuruka banji, dada nataka kupanda Burj Khalifa, dada nikasimame wapi Nairobi ili mji wote uonekane nyuma yangu. Mimi nafurahi. Msichana aliyejibana mshahara wake akajikatia tiketi mwenyewe hana haja ya kuombewa ruhusa na mtu. Na ugonjwa wenyewe ninao: nikiingia mji mgeni, kabla sijauliza soko liko wapi, nauliza jengo refu ni lipi na mlangoni wanataka ngapi.

Sasa yupo mmoja wa hao wa banji, wanaotaka kuruka huku wamefungwa kamba, aliyeniuliza, "Dada, nitajuaje kama moyo wangu unaweza?" Mwenzangu, moyo wako hauna habari yoyote kuhusu kamba. Unaweza kutetemeka mpaka meno yakagongana ukiwa umefungwa vizuri kuliko mtoto mgongoni, na unaweza kucheka kwa raha zako ukiwa hatua moja tu kutoka kaburini. Hofu ni kitu kimoja, hatari ni kitu kingine, na mara nyingi wala havikai nyumba moja.

Angalia hizi sherehe za juu ya paa. Jengo halijaisha, nondo zimechomoza, ukuta wa pembeni unaishia magotini, muziki unapiga, kila mtu ana glasi mkononi. Nani anaogopa pale? Hakuna. Halafu anatokea mmoja anasema, "Ngoja nirudi nyuma kidogo, nipige mnatoshea wote." Mwaka 2018 watafiti wa India walichapisha hesabu ya vifo vilivyoripotiwa duniani vya watu waliokuwa wakijipiga selfi, kuanzia mwishoni mwa 2011 hadi mwishoni mwa 2017. Walipata 259. Wengi walikuwa vijana, na kuanguka kutoka juu kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Basi ukitaka kuogopa, ogopa pale ambapo hakuna anayekupima wala kukufunga.

Mnaoniambia mnaona kizunguzungu, msijione mna kasoro. Mwili husimama wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani na nyayo. Ukiwa chini, jicho lina vitu vya karibu vya kushika, ukuta, mti, mtu, na ukiyumba kidogo linagundua na kukurekebisha. Ukiwa juu sana kila kitu kiko mbali, jicho linakosa cha kushika, na unayumba zaidi kabla mwili haujashtuka. Magoti yakilegea si uoga wa kurogwa. Shika reli, itazame reli yenyewe kwanza, kisha peleka macho mbali kule mbingu inapokutana na ardhi. Chini utazame mwisho kabisa, na simu ibaki mfukoni mpaka miguu ikubali.

Kwa anayeanza, mimi namwambia aanze na KICC, Nairobi. Jengo lilikamilika 1973, mchoro wa Mnorwe Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na msanifu Mkenya David Mutiso. Lina ghorofa 28, mita kama 105. Limepitwa mbali, maana Britam Tower kule Upper Hill ina mita 200, lakini KICC limekaa katikati ya mji, na kwa kutazama hilo ndilo la maana. Unalipa chini, lifti inakupandisha, unamalizia na ngazi, unatokea kwenye uwanja wa helikopta usio na paa. Bunge lile pale, City Hall miguuni kwako, Uhuru Park, stesheni ya reli, mbuga ya wanyama kusini, vilima vya Ngong upande wa magharibi. Upepo wa juu hauna adabu: vaa suruali au gauni zito, mtandio ubane kwa pini. Beba kitambulisho au pasipoti, maana walinzi wa majengo ya Nairobi hawana mchezo na hilo. Na Julai usijisumbue sana, mji unashinda na mawingu na baridi. Nenda asubuhi iliyofuata mvua, hewa ikiwa imeoshwa.

Kampala ndiko moyo wangu uliko, lakini kule hakuna lifti. Mnara wa Msikiti wa Taifa, pale Old Kampala, unapandwa kwa miguu, ngazi zaidi ya 300 zinazozunguka na kuzunguka. Ujenzi wa msikiti ulianza enzi za Idi Amin ukakwama miaka mingi, hadi Muammar Gaddafi wa Libya alipogharamia kumaliziwa kwake. Ulizinduliwa 2008 na wengi bado wanauita kwa jina lake. Mlangoni, dada uliyekuja na suruali ya kubana unapewa nguo ya kujifunga na kitambaa cha kichwa. Pokea kwa heshima, ni nyumba ya ibada hiyo. Viatu unaacha. Kupanda kwenyewe hakutishi, maana umezungukwa na ukuta. Kinachokuuma ni mapaja. Ukifika juu ndipo unaelewa kwa nini watu wanasema Kampala ni mji wa vilima: Namirembe na kanisa lake la Kianglikana, Rubaga na la Kikatoliki, Makerere, Nakasero, Kololo, na katikati bodaboda wanapita kama siafu. Mshike kiongozi wako maneno, akuoneshe kipi ni kipi. Wale wanaokimbilia kupiga picha na kushuka wananisikitisha, wamelipia ngazi tu.

Zanzibar mnaniuliza sana habari ya Beit-el-Ajaib. Jengo lile la 1883 liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, kwa hiyo usidanganywe na picha za zamani. Mji Mkongwe utazame kutoka kwenye migahawa ya juu ya mapaa. Agiza chai, kaa mpaka adhana ya magharibi. Dar vilevile: minara mingi ni ya ofisi, hawakuhitaji, lakini juu ya hoteli za Posta unaweza kununua juisi moja ghali na kuitazama bandari mpaka uchoke. Ile juisi usiione ghali. Ndiyo tiketi yako.

Mnaokwenda Dubai kufunga mizigo Deira, msirudi na mabegi tu. Burj Khalifa ilifunguliwa Januari 2010, mita 828, hakuna jengo lililoipita. Tiketi ya kawaida ni ya ghorofa ya 124 na 125, ya gharama zaidi inakufikisha 148. Nunua mapema kwenye intaneti, na ujue kwamba saa ya jua kuzama ndiyo inayopandishwa bei kuliko zote. Asubuhi mapema bei hushuka na foleni hupungua. Lifti inakwenda karibu mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo masikio yataziba: meza mate au tafuna ubani. Ukienda katikati ya kiangazi chao, vumbi na ukungu wa joto vinakula mandhari yote, bora Desemba au Januari. Na anayetaka msisimko kuliko urefu, avuke barabara aende Sky View. Kule, zaidi ya mita 200 juu, kuna bomba la kioo nje ya jengo unamoteleza kutoka ghorofa moja hadi inayofuata, na ukingo wa wazi unaoutembea ukiwa umefungwa mkanda. Kama ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekupeleka huko kwanza.

Haya, banji. Kenya kuna Sagana, juu ya Mto Tana, kama mita 60. Uganda watu huruka Jinja, juu ya Mto Nile. Mwenye safari ndefu aende daraja la Victoria Falls, kati ya Zambia na Zimbabwe, mita 111, na pasipoti mkononi maana daraja liko mpakani. Pale mwishoni mwa 2011 kamba ilikatika. Msichana wa Kiaustralia akaangukia Zambezi miguu ikiwa imefungwa bado, akaogelea hivyo hivyo, akapona. Sikuambii ili uahirishe. Nakuambia ili uache kuuliza kama una moyo na uanze kuuliza habari za kamba.

Kamba ya banji ni mpira, na inachaguliwa kwa uzito wa mrukaji. Mahali pa maana utapimwa kwenye mizani, kilo zako zitaandikwa kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa mkono, halafu utapimwa tena. Wasipokupima, chukua mkoba wako. Na jamani, nawajua: mmekuja na kundi, yule kijana wa ofisini naye yupo, mizani iko wazi kila mtu anaona, wewe unataka kusema sitini wakati ni sabini na nane. Sema sabini na nane! Kilo unazozificha kamba itazijua.

Uliza kamba hiyo imesharukiwa mara ngapi na inastaafishwa ikifikisha ngapi. Wenye kazi yao wana daftari, hawakasiriki kuulizwa. Hakikisha umefungwa sehemu mbili, miguuni na kiunoni, ili moja ikigoma nyingine ikushike. Hereni toa. Rasta zifunge zote nyuma. Wigi liache kwa mwenzio, au uliage.

Mwenye mimba asiruke, hata ile ya kudhania tu, pima kwanza. Vilevile mwenye presha ya kupanda, kifafa, mgongo, upasuaji wa karibuni, au matatizo ya macho, maana ukining'inia kichwa chini shinikizo la damu kichwani na machoni linapanda ghafla. Kama una chochote kati ya hivyo, daktari wako ndiye wa kuulizwa, mimi hapana. Bima ya safari nayo isome: nyingi hazilipii michezo ya hatari mpaka uongeze kipengele chake. Ile fomu wanayokupa usaini, isome yote kabla ya kuweka jina, hata foleni nyuma yako ikinung'unika.

Mama asipewe habari mpaka ushuke, nakubaliana nanyi. Lakini mtu mmoja mwenye akili ajue uko wapi, na nani, na utarudi saa ngapi.

Kuna wanaosukumwa. Mchumba anasema, "Ruka basi, mbona mwoga hivyo," huku yeye kashika kamera. Mwambie atangulie. Mrukishaji mzuri atahesabu na kukuacha uondoke mwenyewe. Akikusukuma bila idhini yako, hiyo si kazi, ni uhuni. Na ukisimama pale ukingoni nafsi ikakataa kabisa, geuka ushuke, hakuna mahakama itakayokuita. Sehemu nyingi pesa haitarudi ukishafungwa kamba, kwa hiyo hilo uliza dirishani, kabla hujalipa.